Bihogo Aingie kwa Miguu Yake

Mpaka Novemba ilikuwa gari. Pikapu ya dizeli ya mwaka tisini na saba, rangi ya kahawia iliyokolea, milango miwili, mmoja wake unafunguka kwa ndani tu. Ilikaa uani kwa baba mkubwa Rudasingwa, hapa Shively, pembeni mwa Louisville, na kazi yake ilikuwa kubeba magodoro na makochi ya wageni waliotoka kambi za wakimbizi. Aliyeiendesha ni mimi, na aliyeitunza ni mimi, baridi kumi na moja mfululizo. Kisha likaja suala la mahari ya mdogo wangu. Wazee wakakaa kwenye simu saa tatu nzima, na walipokata simu gari lilikuwa ng'ombe.

Msicheke. Mkicheka sasa, huko mbele mtaishiwa nguvu.

Mdogo wangu anaitwa Cyubahiro. Anasomea udongo katika chuo kikuu kule Columbus, na watu wa chuo wanamlipa aupime, jambo ambalo baba mkubwa hajalielewa hadi leo. Nilimlea tangu akiwa na miaka minne, wazazi wetu walipouawa kule milimani, Kivu Kusini. Nilimbeba mgongoni mpaka Burundi, nikamlisha kambini, nikafika naye Marekani. Mimi sikuolewa, nani angeoa msichana aliyekuja na mtoto mgongoni? Kwa hiyo alipompata Hadassa, binti wa mzee Muhoza wa Buffalo, nilisema moyoni kwamba arusi hii ni yangu pia. Tukaandaa bahasha kama wanavyofanya watu wote huku. Mzee Muhoza akaikataa.

"Mimi sikuzala enveloppe," alisema kwenye simu. "Nilizala mutoto. Munipe ng'ombe. Kitu ya kupumua. Kitu ya kuniamusha asubuhi niende kuangalia kama iko nzima."

Sasa, mzee Muhoza anakaa Lower West Side, mtaa wa nyumba zilizobanana, na mwenye nyumba wake hataki hata paka. Wazee wakalipima jambo hilo kwa muda mrefu. Ndipo baba mkubwa Rudasingwa akakohoa na kusema, "Bon. Mimi niko na Bihogo."

Bihogo ni jina la ng'ombe mwenye rangi ya kahawia iliyokolea. Sikuwahi kumsikia akiliita gari hivyo. Lakini alianza kumsifu palepale, kwa sauti ile wazee wanayotumia wakisifu mifugo: Bihogo anayetoa moshi puani, Bihogo anayelia alfajiri majirani wakaamka, Bihogo aliyebeba jamaa ishirini na sita bila kuchoka.

"Iko na kwato?" akauliza mzee Muhoza.

"Ine. Mbili mbele, mbili nyuma."

"Inatembea?"

"Mpaka kwako."

Wakakubaliana. Bihogo afike Buffalo Jumamosi ya pili ya Januari, kabla ya saa sita mchana, kwa sababu wazee wanne kati ya saba wa upande wao wanaingia shifti saa nane katika kiwanda cha jibini. Tena aingie uani kwa miguu yake mwenyewe. "Ng'ombe ya kubebwa iko mugonjwa," alisema mzee Muhoza, "na mugonjwa hatupokee." Ikiwa hivyo, akasema, tutaongea Januari nyingine. Na Januari nyingine ilikuwa mbali, maana ng'ambo ya daraja, upande wa Kanada, kulikuwa na kijana wa kwetu anayefanya kazi katika shamba la maziwa, mwenye ng'ombe halisi wa kuwaonyesha wakwe kwenye video. Hadassa hakumtaka huyo kijana. Lakini Hadassa pia si msichana wa kuolewa bila mkono wa baba yake juu ya kichwa.

Nilisema vema, Bihogo atafika. Mimi nafanya kazi kwenye gereji ya mabasi ya shule. Saa kumi alfajiri, kabla dereva yeyote hajafika, nawasha mabasi arobaini na mawili ya dizeli, moja baada ya jingine, na hakuna baridi ya Kentucky iliyowahi kunishinda. Dizeli kuukuu haitaki ubishi wakati wa baridi. Inataka waya wake uchomekwe kwenye umeme usiku ili injini ilale na joto. Inataka usubiri taa ya njano izime kabla ya kuwasha. Na inataka, kila asubuhi, ufungue kikoki kidogo kilicho chini ya chujio la mafuta umwage maji yaliyojikusanya. Usipoyamwaga yanaganda, na injini inakufa kwa njaa huku tangi limejaa.

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Miaka mingi nyuma baba mkubwa aliniuliza kila asubuhi nafanya nini mvunguni mwa gari na kikopo mkononi. Nikamjibu kwa wepesi tu, mjinga mimi, "Ni kama kukama ng'ombe." Mzee akacheka, nami nikasahau. Yeye hakusahau.

Kwetu mwanamke hakami. Mwanamke anayapokea maziwa, anayasukasuka, anatoa siagi, anaosha vyombo na kuvifukiza moshi, lakini chini ya ng'ombe haendi.

"Rakeli," baba mkubwa aliniambia wiki ile ya simu, "kuanzia leo usimuguse Bihogo huku chini."

"Baba mukubwa, ile ni robinet, kikoki tu."

"Ni titi. Ni wewe mwenyewe njo ulisema."

"Sasa nani atakama?"

"Mimi."

Baba mkubwa ana miaka sabini na mitatu na magoti yake hayajakunjika tangu Pasaka. Mabasi arobaini na mawili naruhusiwa kuyashika popote. Hili moja nililolitunza kwa mikono yangu, marufuku. Nilikasirika nikaosha vyombo vyote vya jikoni mara mbili. Ila nilikuwa namtaka Hadassa awe mke wa mdogo wangu kuliko nilivyotaka kushinda ubishi, kwa hiyo nikafunga mdomo.

Siku ya safari nilishinda jambo moja tu. Tangi lilikuwa limejaa dizeli ya Agosti, aliyopewa baba mkubwa na rafiki yake mwenye shamba, na dizeli ya kiangazi ikipigwa na baridi ya kaskazini inaganda kama samli. Kuna dawa ya kumimina ndani ili isigande. Baba mkubwa akasema ng'ombe wa mahari hapewi dawa, maana dawa inaficha ugonjwa, na huo ni udanganyifu. Nikamuuliza kama mwanamke anaruhusiwa kumpa ng'ombe chumvi. Akafikiri mpaka nikaona mvuke wa pumzi yake umetanda usoni.

"Chumvi, anaweza."

Nikamimina dawa ile, chupa mbili za chumvi.

Tuliondoka Shively Ijumaa saa sita, mimi kwenye usukani, kwa sababu kumwongoza ng'ombe njiani hakukukatazwa mtu. Baba mkubwa alikaa kando yangu na kofia yake na fimbo yake, kipande cha kadibodi kikiwa kimekinga rejeta kwa mbele. Tulifika Columbus jioni, nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Cyubahiro anapanga na wanafunzi wenzake katika nyumba ya mbao ya orofa mbili, karibu na chuo. Tukateremsha waya wa umeme kutoka dirishani kwake, juu kabisa, mpaka puani kwa Bihogo. Nyumba nzima ikazimika. Tukachomoa, wakawasha, tukachomeka, ikazimika tena. Mara ya tatu, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipika wali alitoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, na baba mkubwa akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba ng'ombe anasikia baridi. Kijana wa watu akatazama gari, akatazama waya, akarudi ndani kula wali mbichi.

Asubuhi, saa kumi na moja, ilibidi Bihogo akamwe. Baba mkubwa alijaribu kuinama, goti likalia, akabaki ameshika bampa. Basi akamtuma Cyubahiro, mwanamume na bwana arusi. Mimi nikawekwa hatua tano nyuma, mgongo ukiwa umegeukia gari.

"Elekeza," alisema baba mkubwa, "lakini usiangalie."

"Yaya, iko wapi?" Cyubahiro aliniita mimi dada yake kutoka mvunguni, koti lake jipya likifyonza theluji.

"Kushoto. Chini ya kitu kama kikombe."

"Viko vikombe viwili."

"Ile yenye kutokwa jasho!"

Mtu huyu anaweza kukuambia umri wa kifinyango cha udongo kwa kukinusa. Alikizungusha kikoki nusu mzunguko, matone machache yakatoka, vidole vyake vikagandana na chuma, akapiga kelele, akajitoa akisema kazi imekwisha. Nilijua haijakwisha. Ng'ombe aliyekamwa nusu ni mgonjwa wa kesho, na mzee yeyote wa milimani angesema hivyohivyo. Nikamwambia baba mkubwa. Akasema tumechelewa.

Tukabanana watatu kwenye kiti kimoja. Mpaka Cleveland Bihogo alikwenda vizuri, akinguruma kwa raha zake. Tulipoanza kufuata lile ziwa kuelekea mashariki, upepo ukaja na theluji ya kulala, theluji isiyoanguka bali inayopita, na nikasikia kwenye mguu wangu kwamba anaanza kukosa pumzi. Nakanyaga mafuta, hajibu. Naachia, anashtuka. Kutoka maili sitini tukashuka hadi arobaini, kisha thelathini, taa za hatari zikiwaka, na malori yakitupita kwa ghadhabu.

Sehemu fulani ya Pennsylvania gari la kuvuta magari likatukuta tukitambaa ukingoni. Dereva wake, Mmarekani mwenye ndevu, alishusha kioo akajitolea kutubeba bure mpaka mji unaofuata. Nimewahi kupewa baraka za Mungu nikazikubali; hii ilibidi niikatae. Baba mkubwa alijiinua mbele yangu akapaza sauti dirishani kwamba hapana, huyu habebwi, anatembea mwenyewe, anakwenda kuoa.

Yule mtu alitazama theluji, akatazama Bihogo, akasema sawa. Kisha akawasha taa zake za manjano akatufuata nyuma polepole ili malori yasitugonge, maili baada ya maili. Ungesema ni maziko. Kila nilipotazama kioo nilimwona, na sitaficha, nilikuwa nalia kidogo kwa woga. Nilikuwa nimembeba Cyubahiro kuvuka mipaka miwili, na sasa namwona akikosa mke kwa ajili ya kijiko kimoja cha maji.

Tulikunja kona ya mtaa wa mzee Muhoza ikiwa bado dakika kumi na nane kufika saa sita. Wazee wote saba walikuwa wamejipanga kando ya njia ya uani, makoti mazito, fimbo mikononi, mzee Muhoza mbele yao. Wanawake walijaa madirishani. Hadassa alikuwa barazani, mikono mdomoni. Nikaelekeza pua ya Bihogo kati ya vilima viwili vya theluji, akapandisha magurudumu ya mbele juu ya njia ya waenda kwa miguu, akatetemeka mwili mzima, akazimika.

Mzee mmoja akasogea, akapima kwa fimbo. "Miguu ya mbele imeingia."

"Ng'ombe inaingia na tumbo," akasema mwingine. "Tumbo iko inje."

"Tumusukume kidogo," Cyubahiro akasema.

Wazee saba wakageuka kumtazama. Kusukuma, wakamweleza, ni namna ya kubeba.

Akatupwa tena mvunguni. Kikoki kilikuwa kimeganda kama jiwe. Akakihangaikia mpaka midomo ikawa ya bluu, akatoka akitikisa kichwa. Zilibaki dakika kumi. Hapo maji yalikuwa yamefika shingoni. Nikapanda barazani, nikamwambia Hadassa aniletee birika la maji ya moto na kitambaa, nikashuka navyo nikielekea kwenye gari.

"Rakeli!" baba mkubwa akaita.

Sikusimama. Alipoona sisimami, na wazee wameanza kunong'ona, mzee wa watu akababaika. Akavua kofia yake, akawageukia wenyeji kwa tabasamu la kuomba radhi. "Wazee, musishangae. Huyu anaweza kugusa. Donc... hii ni gari tu."

Yule mzee aliyepima kwa fimbo ndiye aliyesema kwanza.

"Kama ni gari, ng'ombe iko wapi?"

Baba mkubwa akamtazama Bihogo, kisha akanitazama mimi.

"Na kama ni ng'ombe," akaongeza mwingine, "huyu mwanamuke anaenda wapi huku chini?"

Nilisimama na birika langu linalofuka moshi, nikawageukia wazee. "Kama ni ng'ombe," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "basi amekufa mulangoni kwenu. Leteni visu, tugawane nyama. Mimi nitachukua ini, maana njo mimi nilimulisha. Kila asubuhi, mu baridi, kabla ya kazi yangu. Hapana mwanaume hata mumoja aliamuka. Na leo munaniambia nisimuguse."

Cyubahiro alikuwa ameinamisha kichwa. Baba mkubwa alikuwa akiizungusha kofia mikononi. Mzee Muhoza alinijia taratibu, akasimama karibu mpaka nikaona theluji kwenye nyusi zake. Lakini hakusema na mimi. Alisema na baba mkubwa.

"Rudasingwa. Nani alikuwa anamukama kule Louisville?"

"Ni huyu," akajibu baba mkubwa kwa sauti ndogo.

"Miaka yote?"

"Yote."

Mzee Muhoza akachimba theluji kidogo kwa ncha ya fimbo. "Ule mwaka tulikimbia," alisema, na nikaona amegeuka kuelekea barazani, kwa binti yake, "sisi wanaume tulitangulia kutafuta njia. Tulipotea siku tisa. Mama yako tulimuacha mu pori na ng'ombe moja, na wewe uko na miezi saba, na yeye alikuwa mugonjwa, kifua imekauka. Niliporudi nilikukuta uko unacheka. Nikamuuliza, mutoto amekunywa nini? Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Mupaka amekufa, hatukuongea ile kitu. Sikumushukuru hata siku moja."

Hadassa alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

Kisha mzee Muhoza akamwomba binti yake chombo. Ikaja chupa tupu ya mayonezi. Akampa mwenzake fimbo, akapiga magoti kwenye theluji kwa suruali yake ya sherehe, akajisogeza kando ya gurudumu la mbele, akaishika chupa ile kwa mikono miwili.

"Kuja, mama," akaniambia. "Kama. Mimi nitashika."

Nililala chali mvunguni. Nikazungushia kikoki kitambaa, nikamwagia maji ya moto kidogokidogo, nikangoja, nikakishika kwa vidole vilivyokijua. Kikazunguka. Yakatoka matone, kisha vipande vya barafu, kisha maji machafu yaliyochuruzika ndani ya chupa ya mzee Muhoza na juu ya mikono yake, naye hakuitoa. Nilikama mpaka dizeli ikaja safi. Nikafunga. Nikaingia kwenye usukani, nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ya njano, muda mrefu kuliko mahubiri, ikazima. Bihogo akakohoa. Akakohoa tena. Mara ya tatu akanguruma, akatoa moshi mweusi juu ya wazee wote saba, akaingia uani kwa miguu yake yote minne ikiwa bado dakika tatu.

Wanawake walipiga vigelegele madirishani. Kule barabarani ikalia honi ndefu: yule mwenye ndevu alikuwa ametufuata mpaka mwisho, akawa anashangilia bila kujua anachoshangilia. Walimwita ndani, wakampa chai ya maziwa na kiti cha mbele. Wazee wanne walichelewa shifti.

Arusi itakuwa Juni. Mimi naenda kazini na kurudi kwa basi siku hizi, na baba mkubwa anawahadithia watu kanisani jinsi alivyomfikisha Bihogo Buffalo. Namwacha. Nilichokuwa naogopa ni asubuhi ya Jumatatu ile ya kwanza, maana nilijua kule kwao baridi ni kali kuliko yetu, na sikuwa nimemfundisha mtu. Simu ililia nikiwa gerejini, kati ya basi la tisa na la kumi. Alikuwa mzee Muhoza.

"Mama Rakeli, iko inalala. Tufanye nini?"

"Muzee, mumeisha kukama?"

"Njo tunakama sasa."

"Nani anakama?"

Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu, na chuma kikigongwa, na mtu akicheka kwa chini, karibu na ardhi.

"Hadassa iko chini," alisema. "Mimi niko nashika chupa."